Siku Matairi Mapana Yalipomkataa Baba

Gari lilikuwa la baba kabla halijawa la ndugu yangu. Baba alilinunua alipostaafu kazi ya reli, gari dogo la kijivu lisilo na makuu, na kwa miaka mingi lilikuwa na safari moja tu ya maana: kutoka kwetu Dandora hadi kanisani Lucky Summer kila Jumapili, kisha kurudi. Huko reli baba alikuwa gadi. Yeye ndiye aliyekaa behewa la mwisho, akashuka stesheni, akatazama mbele na nyuma, kisha akatoa ishara ili dereva ajue anaweza kuondoka. Ni mtu mkubwa, mrefu na mpana, na hata akiwa amekaa tu kwenye kochi nyumbani alikuwa na utulivu wa mtu ambaye treni haiwezi kuondoka bila yeye.

Kisha akapata kiharusi. Kilimwachia mguu wa kushoto wa kuburuta na ulimi mzito. Maneno alikuwa nayo, uliyaona machoni mwake, lakini yakifika mdomoni yalikwama. Hangeweza tena kuendesha. Akampa ndugu yangu mdogo funguo, na sharti lilikuwa moja tu, kwamba kila Jumapili baba afikishwe kanisani. Ndugu yangu alikubali kwa moyo mkunjufu, na naamini alimaanisha. Si mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu katika habari hii nitamkasirikia sana.

Yeye hutengeneza madirisha ya alumini kule Kariobangi, na Kariobangi huwezi kwenda kununua hata maandazi bila kupita mbele ya gereji. Huko ndiko alikoambukizwa ugonjwa wa kushusha magari. Kuna vijana ambao gari likikaa jinsi kiwanda kilivyolikalisha, wao wanaona haya. Alianza na springi. Fundi alizitoa, akazikata kwa grinda, akazirudisha fupi, na gari likashuka hadi mtu akiliona kwa mbali akadhani lina pancha pande zote. Baba, aliyezoea kufungua mlango na kuingia bila shida, sasa alikuwa akishushwa kwenye siti iliyokuwa karibu na lami. Kumtoa ilikuwa kazi ya watu wawili, mama akivuta mkono na mimi nikisukuma mgongo. Hakulalamika. Mimi nililalamika kwa niaba yake, na ndugu yangu akaniambia, "Sista, hii kitu huwezi elewa. Gari ikiwa chini ndiyo inaonekana iko na mwenyewe."

Nilimwambia kwamba mwenyewe alikuwa amekaa nyuma na magoti yake yako kidevuni. Akacheka. Ndugu yangu ukimtukana vizuri hucheka, na hapo ndipo ugomvi wetu huisha, bila mimi kupata chochote.

Wakati huo mimi nilikuwa nimepanga chumba Kayole, nikifanya kazi ya kupokea wagonjwa katika zahanati, na huko Kayole ndiko nilikompata mume wangu. Watu wake ni wa kutoka Mkoa wa Kati, wachuuzi wa vitambaa, wenye haraka na wenye sauti. Sisi kwetu ni magharibi. Mahari yalizungumzwa, yakaisha vizuri kuliko nilivyoogopa, na siku ya harusi ikapangwa. Shangazi yangu, dada yake baba, akaja kutoka nyumbani magharibi kusimamia mambo yasiende ovyo ovyo kama ya watu wa mjini.

Shangazi ndiye aliyetukumbusha jambo la gari. Katika ukoo wetu binti anayeolewa hatoki nyumbani na dereva tu. Baba yake huketi kando yake kutoka mlangoni pa nyumba hadi mlangoni pa kanisa, wawili peke yao siti ya nyuma, ili wanaompokea wajue kwamba ameletwa, hakutoroka. Shangazi aliletwa hivyo na babu kwenye trekta la shamba la miwa, na bado anasimulia. Baba aliposikia akatikisa kichwa kukubali, polepole, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Na kulikuwa na jambo lingine ambalo yeye mwenyewe alilitaka kuliko lote. Kanisani kwetu, bibi harusi akifika mbele, mchungaji huuliza ni nani anayemtoa binti huyu aolewe. Baba alitaka kufika pale kwa miguu yake, mkono wangu ukiwa kwenye mkono wake, na kujibu mwenyewe. Maneno yalikuwa machache tu: "Ni mimi, baba yake." Alianza kuyafanyia mazoezi. Kila jioni alisimama uani karibu na tangi la maji, akishika fimbo, na kuyasema. Wapangaji wetu walimsikia wakifua. Mara yalitoka "ni mi ba," mara yalitoka vizuri hadi "baba" halafu "yake" likapotea. Mama mmoja mpangaji alianza kumuuliza swali lenyewe kila akipita na ndoo, kwa sauti nzito ya mchungaji, na baba anajibu. Nikija wikendi nilikuta ua mzima unaijua harusi yangu kwa moyo.

Hapo ndipo ndugu yangu alipotangaza zawadi yake. Hatungekodi gari la bibi harusi. Dadake hawezi kubebwa na gari la mtu wakati wao wana gari. Yeye mwenyewe angeniendesha, na ili gari lifae, alikuwa amepata rimu pana za kung'aa na matairi mapana ya kwenda nazo. Alisema hivyo akiwa amesimama, akiangalia uso wangu kwa hamu. Niliona kwamba amejinyima mengi kwa ajili hiyo, na hasira yangu ikakosa mahali pa kushika. Nikasema asante. Najua jinsi ya kusema hapana kwa watu wote wa dunia hii isipokuwa yule anayeniletea kitu kwa mikono miwili.

Alinitaka niwepo zikifungwa. Nikaenda gereji nikakaa kwenye betri kuukuu, nikatazama. Rimu za zamani zilitolewa, zikaonekana nyembamba na za huruma zilivyolala pale kwenye vumbi. Mpya ziliingia kwa shida. Tairi lilikuwa limetoka nje hadi likalingana na ukingo wa madigadi, lile bati linalofunika gurudumu, na kwa juu, kati ya mpira na bati, kidole hakikupita. Fundi alilitikisa gari, tukasikia mpira ukisugua bati. Akasema lazima ukingo ukunjwe. Akachukua bomba la chuma, akaliingiza kati ya tairi na madigadi, ndugu yangu na vijana wa pale wakalisukuma gari mbele na nyuma taratibu, na bomba likawa linajiviringisha na kuupinda ukingo kwenda ndani. Rangi ilipasuka ikadondoka vipande vipande. Nilihisi kama ni mimi ninayekunjwa.

"Sasa iko sawa," fundi akasema, akipitisha kiganja chake kwenye ukingo. "Lakini msijaze watu. Nyuma hasa. Wakikaa watu wazito, tairi itakula body."

"Si wawe mbele?" nikauliza. "Baba akae mbele."

"Mbele ndiyo mbaya zaidi. Tairi za mbele hukata kona. Akikaa mzito mbele, ukikata kona tairi inashika."

Ndugu yangu akasema hakuna shida, nyuma ni watu wawili tu. Fundi akaniangalia mimi, akaona nilivyo mwembamba, akaridhika. Fundi hakuwa amewahi kumwona baba.

Jumapili iliyofuata tuliingia wote kwenda kanisani, mimi na baba nyuma, mama mbele. Kwenye lami hakukuwa na neno. Lakini kila shimo na kila tuta lilileta ule mkwaruzo upande wa baba, na harufu kidogo ya mpira. Chakula cha mchana, tukiwa mezani, ndugu yangu alisema kwa mzaha, huku akimega ugali na kuitazama sahani ya baba, "Mzee, ukipunguza huu mlima kidogo gari itakushukuru." Sote tukacheka. Baba pia alicheka, kwa upande wa mdomo unaocheka.

Baada ya hapo nilianza kuletewa malalamiko na mama kwa simu. Baba hali chakula. Ugali anakata kipande, anakisogeza pembeni. Jioni anasema ameshiba chai. Mama aliogopa sukari, akampeleka kupimwa, hakukuwa na sukari. Kisha akaamua ni huzuni, kwamba binti anaondoka. Nami nikamfokea baba kwa simu, nikamwambia dawa za presha hazinywewi tumbo tupu, mimi nafanya kazi zahanati, ninajua. Alinisikiliza hadi mwisho. "Sawa, mama," akasema. Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Suti ya harusi ilirudishwa kwa fundi wa nguo, ikapunguzwa kiunoni, na bado siku yenyewe ilimpwaya.

Siku hiyo jamaa za mume wangu walikuja asubuhi kunichukua, wakaimba getini, shangazi akawafungia nje kama ilivyo ada, wakabembeleza, wakafunguliwa. Kila kitu kilichelewa, lakini kwa furaha. Ikaamuliwa kwamba basi dogo la akina mama na wasimamizi litangulie, ili wafike kanisani wajipange kunipokea kwa nyimbo, nasi tufuate nyuma yao tukiwa wa mwisho. Mama akapanda basi. Gari letu lilikuwa limeoshwa hadi likang'aa, lina utepe mweupe, na zile rimu zilikuwa zikimeta kiasi kwamba watoto wa plotini walikuwa wakijitazama ndani yake. Nakiri lilipendeza.

Kuniingiza kulihitaji maarifa, kwa sababu gauni langu lilikuwa na pete za waya chini, na gari lililo chini namna ile halikutengenezewa waya. Mwishowe niliketi gauni likiwa limenifika kifuani na kujaza nusu ya siti. Baba akashushwa kando yangu. Alikuwa amenyoa, amejipaka mafuta, na mkono wake aliuweka juu ya mkono wangu. Alikuwa akitikisa midomo bila sauti. Nilijua anasema nini.

Tuta la kwanza liko mbele ya kinyozi, hatua chache tu kutoka getini. Ndugu yangu alilipanda polepole sana. Chini ya miguu yetu tumbo la gari likakwaruza simiti, na upande wa baba tairi likasema kwa sauti iliyonifanya nikunje meno. Ndugu yangu akasimama, akashuka, akachuchumaa. Aliporudi hakuwa na uso ule wa asubuhi. Alifungua buti. Ndani shangazi alikuwa ameficha sanduku lenye sufuria na blanketi na sahani za kauri, ili niende kwangu nikiwa na vyangu. Kinyozi akaombwa alihifadhi. Gari likainuka kidogo, tukaendelea.

Tuta la pili baba alishuka mwenyewe. Yaani alishushwa: ndugu yangu alimvuta mikono yote miwili, na watu wawili waliokuwa wakipita wakasaidia. Gari likavuka likiwa na mimi peke yangu. Baba akalifuata, fimbo na mguu, fimbo na mguu, akaingizwa tena. Ilichukua muda mrefu. Simu ya ndugu yangu ikaita, ilikuwa mama kutoka kanisani. Mchungaji anauliza tuko wapi. Baada yetu kulikuwa na harusi nyingine, na hao wengine walikuwa tayari wanashusha maua yao. Je, lile basi dogo lirudi kutuchukua? Basi lilikuwa limekwenda kuchukua keki.

Sasa hata kwenye tambarare tairi lilikuwa likishika. Kila kishimo lilisugua, na harufu ya mpira ikajaa ndani hadi ikayashinda manukato yangu. Ule ukingo uliokunjwa kwa bomba ulikuwa umefunguka mahali fulani, na bati lilikuwa likikata mpira. Nilijua bila kuambiwa. Nilikaa pale, nimebanwa na waya na lesi, siwezi kuinua hata mguu, nikisikia tairi linaliwa chini ya baba yangu, na baba naye anasikia. Aliacha kutikisa midomo.

Tuta la tatu ndilo kubwa, lile la kwenye kona kabla ya barabara ya lami. Hilo lilijengwa na baba. Miaka ya nyuma mtoto aligongwa pale na gari lililokwepa foleni, akavunjika mguu, na baba akawaita majirani, wakachanga simiti na kokoto, wakalimwaga wenyewe. Wengine walitaka liwe la kiasi. Baba alisisitiza liwe juu, asije dereva akajifanya hakuliona. Ndugu yangu siku zote huvuka tuta hilo mshazari, tairi moja moja, na hapo hulipita. Lakini siku hiyo kulikuwa na msiba kwenye nyumba ya kona, na hema lilikuwa limefungwa likachukua nusu ya barabara, kama tufanyavyo sote tukifiwa. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya kupita moja kwa moja tu. Njia nyingine ilikuwa imechimbwa mtaro wa maji machafu. Wanaume waliokuwa wakipanga viti vya matanga walisimama wakatutazama.

Baba akashushwa tena. Mara hii alipopata kusimama hakwenda mbele. Alizunguka hadi nyuma upande wake, akaegemea gari, akainama kadiri alivyoweza, na kuweka kiganja chake juu ya tairi. Alipokiinua kilikuwa cheusi na kimeshika nyuzi za mpira. Akamwonyesha ndugu yangu. Mimi nilikiona kupitia kioo.

"Litafika?" baba akauliza. Neno lilitoka wazi.

 Ndugu yangu alikuwa analia, mwanamume mzima mwenye suti na ua kifuani, anajifuta kwa mkono wa shati.

"Na mimi ndani?" baba akauliza tena.

"Na wewe halifiki, mzee. Tairi itapasuka huko barabarani."

Baba akatikisa kichwa. Kisha akasema kwa shida, neno moja moja, akinitazama mimi na si yeye, kwamba alijaribu. Tangu ile Jumapili ya ugali alikuwa amejaribu. Jioni hakula. "Nilidhani," akasema, "nimepungua vya kutosha."

Sikuelewa kwa dakika nzima. Nilipoelewa nilitaka kutoka. Niliushika mlango, nikausukuma, gauni likanasa kwenye siti ya mbele, waya ukanichoma pajani, nikawa napigana na lesi yangu mwenyewe kama kuku kwenye neti. Nilisema siendi. Nilisema nitatembea naye hadi kanisani, harusi ya wengine ipite kwanza, nitaolewa jioni, nitaolewa kesho. Nilisema mengi. Baba alisukuma gauni langu ndani kwa mkono wake msafi, taratibu, pande zote, akahakikisha hakuna kitambaa kilichobaki nje. Kisha akafunga mlango.

"Nyinyi tangulieni," akasema. "Nitafika."

Halafu alifanya kitu ambacho sikuwa nimemwona akifanya tangu nikiwa mdogo, tulipokuwa tukipelekwa stesheni kumwona kazini. Alijiburuta akapita tuta, akasimama upande wa pili mahali ndugu yangu angeweza kumwona. Akaangalia chini ya gari. Akaangalia nyuma yetu. Akainua mkono, kiganja kimefunguka: simama. Akakishusha polepole: taratibu, taratibu. Gari likapanda. Tumbo likagusa kidogo, tairi halikusema kitu. Baba akalivuta kwa vidole hadi magurudumu ya nyuma yakashuka. Kisha akainua mkono wote juu na kuupunga mara moja, na ndugu yangu akaondoka. Mimi niligeuka kwenye kioo cha nyuma. Alikuwa amesimama kando ya hema la watu wengine, suti ikimpwaya, bado ameinua mkono.

Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na mtu. Kumtukana ndugu yangu kungekuwa kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka. Simu hazikusaidia, kila gari tulilolijua lilikuwa tayari limejaa wageni au limeegeshwa katikati ya mengine, na kwa mguu ule baba hangeweza kupanda pikipiki. Ndugu yangu alisema akishanifikisha atageuza amfuate. Tulipoingia uwanja wa kanisa tairi likatoa pumzi ndefu, likakaa chini kabisa, na hakuna tairi la akiba la ukubwa ule lililokuwepo kwenye buti.

Mchungaji alikuwa mlangoni na saa mkononi. Alisikitika, naye ni rafiki ya baba, lakini wale wengine walikuwa wamesimama na bibi harusi wao kwenye jua. Alisema ndugu anaweza kusimama mahali pa baba. Shangazi akasema la. Mama akasema ngojeni kidogo. Watu wa mume wangu wakaanza kuuliza kwa lugha yao. Kila mtu alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na la kufanya, nami sikuwa na lolote. Nilingoja hadi mchungaji akasema haiwezekani tena. Nikaingia.

Niliingia nikiwa nimeshika mkono wa ndugu yangu. Mkono wake ulinuka mpira. Tulipofika mbele mchungaji akauliza ni nani anayemtoa binti huyu aolewe. Niligeuza kichwa, nikadhani labda Mungu atafanya jambo na mlango utafunguka. Ndugu yangu akasema, "Ni sisi, familia yake." Alisema hivyo akiangalia viatu vyake. Hakujiita mwenye nafasi ile, na kwa hilo nimemsamehe mengi.

Baba alifika tukiwa tunatia sahihi. Wale wanaume wa viti vya matanga walikuwa wamemaliza kazi yao kwanza, kisha wakamleta akiwa amekaa mbele kwenye lori lao la kubebea viti, na ndio walioingia naye hadi mlangoni. Hakuja mbele. Alikaa kiti cha mwisho kabisa, nyuma, karibu na wasimamizi wa mlango, na tulipotoka nje ya kanisa kwa nyimbo alikuwa akipiga makofi kwa kugonga kiganja kwenye goti. Nilimkumbatia pale mlangoni, poda yangu ikabaki kwenye koti lake. Nilitaka kumwambia kitu, lakini watu walikuwa wakitusukuma kwenda kwenye picha. Katika picha zote yupo, na anatabasamu.

Sherehe ilikuwa kwenye uwanja wa kanisa hapo hapo. Sisi maharusi tulikaa mbele chini ya maua ya plastiki, na wazazi walikaa meza yao upande wa kulia, si mbali, nami nikawa namtazama baba wakati wa hotuba zote. Hotuba yake ilisomwa na mjomba. Ulipofika wakati wa kula, msichana mmoja wa wapishi alitoka kwenye hema la chakula akiwa amebeba sahani iliyofunikwa, ile ya heshima ambayo hutengwa peke yake. Hakuwa anatujua. Alisimama katikati ya meza za wazee, akaangalia huku na huku.

"Samahani," akauliza, "baba ya bibi harusi ni nani?"

Baba akainua mkono.

"Ni mimi," akasema. "Baba yake."

Yalitoka yote, bila kukwama hata silabi, kwa sauti iliyofika hadi mezani kwetu. Msichana akamwekea sahani mbele, akafunua, akaenda zake kutafuta maji. Palikuwa na ugali, nyama na mboga, na mlima wenyewe ulikuwa mkubwa. Baba akasogeza kiti karibu na meza, akamega, akaanza kula, na hakuinua kichwa hadi sahani ilipokwisha.